Nani Anayameza Maombi ya Watoto?

Dada yangu alinipigia akifoka. Ameomba miadi ya mwanawe kwenye tovuti ya hospitali yetu mara tatu, sikio la mtoto linatoa usaha, na hakuna aliyemjibu. Nikafungua ukurasa wa kliniki ya watoto. Mtupu. Wiki nzima mama hata mmoja hajaomba? Hapo machale yakanicheza.

Tovuti tunaitunza wawili, mimi na mwenzangu tuliyembandika jina la Kimya, maana kumtoa neno ni sawa na kumng'oa jino. Siku hizi alikuwa akigeuza skrini kila nikipita. Maombi ya watu wazima yanafika salama, ya watoto tu yanayeyuka. Kuna mtu anayafuta, nikajiambia, na mtu mwenyewe namjua. Nikaandika ujumbe wa kumshtaki kwa bosi. Kabla sijautuma, nikamvaa Kimya mwenyewe.

"Maombi ya watoto unayapeleka wapi?"

"Tuma moja tulifuate," akasema.

Nikatuma. Ombi likiingia, programu husoma anwani yake na kuilinganisha na orodha ya mistari kuanzia juu. Mstari wa kwanza kulingana ndio unaolibeba. Zamani "miadi/watoto" ilikuwa juu ya "miadi/:daktari", mstari unaopokea jina lolote la daktari. Sasa ilikuwa chini. Ombi letu likadakwa na mstari wa juu, likapelekwa kwa daktari aitwaye Watoto, ambaye hata hajazaliwa. Tukayakuta huko yote, matatu ya dada yakiwemo.

"Nani kaigeuza hii?"

"Bosi. Aliona imekaa shaghalabaghala, akaipanga kialfabeti."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Sikujua kama imeharibu kitu. Halafu wewe hunisemeshi, unanichungulia tu."

Nikaona aibu. Nikaufuta ule ujumbe, tukairudisha mistari mahali pake, nikampigia dada kumweleza. Akaniuliza:

"Kwa hiyo si wewe uliyeyazuia?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Tangu tugombanie nyumba ya mama hujanitafuta. Nikajua unanikomoa kupitia kwa mtoto."

Nilitaka kumjia juu, nikajizuia. Iliniuma vibaya. Nikamwambia amlete mtoto leo hii, nitawangoja mlangoni mwenyewe.

Akasema mtoto ataletwa na baba yake.