Mama na Mtoto Wazima

Kila jarida la wahitimu lilipotoka, Karani alikuwa na utaratibu wake wa asubuhi. Alichemsha chai, akaiacha ipoe kidogo, kisha akaketi kwenye meza ya jikoni na kuusoma ukurasa wa darasa lao neno kwa neno, kana kwamba si yeye aliyeuandika. Wahitimu tisini na wawili, miaka kumi na moja tangu wavae majoho. Nani kapandishwa cheo, nani kafungua zahanati, nani kaoa, nani kapata mtoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kutokea humo. Alifanya kazi maktaba, hakuwa ameolewa, na cheo alichopanda kilikuwa ni kile cha ngazi ya kufikia rafu za juu. Wenzake walimpa jina la Karani tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa aliandika mambo ya watu wote na ya kwake akayameza.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika aya ya tatu simu ilipolia. Alikuwa mume wa Mlingoti.

Mlingoti alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Walilala chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Sasa alikuwa mpima ardhi, mwanamke mrefu kiasi kwamba kwenye picha ya mahafali yao kofia yake haikuonekana, iliishia nje ya picha.

"Shemeji," sauti ilikuwa kavu. "Lile jarida limeshatoka?"

"Limetoka jana jioni. Na hongera sana, shemeji, mmenificha, hata simu..."

"Lifute."

Karani akaisogeza chai kando.

"Mtoto hatunaye. Alizaliwa Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Saa tano asubuhi akatutoka. Ijumaa tukamzika." Akavuta pumzi. "Tangu jana watu wanampongeza mke wangu. Simu yake haipumui. Lifute, shemeji, nakuomba."

Chai ilipoa yote. Karani aliitazama ile habari, ya nne kwenye ukurasa: *Mpima ardhi wetu amejaliwa mtoto wa kike, wa kwanza, baada ya miaka saba ya ndoa. Mama na mtoto wazima.*

Aliiandika wiki tatu nyuma. Jarida lilitoka mara mbili tu kwa mwaka na habari zilifungwa mapema, hivyo makatibu wa madarasa kama yeye walikuwa na mazoea ya kuitanguliza furaha: harusi iliyopangiwa siku, cheo ambacho barua yake ilikuwa njiani. Hata hivyo, Karani hakuwahi kumtanguliza mtoto. Ni Mlingoti aliyembana kwa simu, akicheka mpaka akakohoa.

"Andika kabisa! Miaka saba nasoma watoto wa wenzangu humo. Nikikosa toleo hili, lijalo litamkuta anatembea."

"Lakini bado hujajifungua..."

"Wewe Karani, woga utakuzeesha. Vipimo vimesema msichana. Andika msichana. Andika mama na mtoto wazima, au unataka tuwe wagonjwa?"

Ulimi wa Karani ulikuwa na jibu tayari: usikate kanzu, mwana hajazaliwa. Lakini aliona haya kuitia mchanga furaha ya rafiki aliyeingoja miaka saba. Akaandika.

Alipopiga simu ofisi ya chuo, mhariri hakumzungusha. "Dada, limeshakwenda kwa watu elfu nne. Maji yameshamwagika. Tunachoweza ni kutuma marekebisho. Niletee maneno kabla ya saa nane."

Maneno ndiyo aliyoyaweza. Akaomba ruhusa kazini, akakaa, akaandika, akafuta, akaandika tena mpaka sentensi zikanyooka: *Tunaomba radhi. Habari ya kuzaliwa kwa mtoto, iliyotoka ukurasa wa tisa, iliandikwa kimakosa na ichukuliwe kuwa imefutwa.* Akaikunja karatasi ili Mlingoti aione kwanza, akapanda basi, akashuka, akapanda jingine. Njia nzima alikuwa akijiuliza jambo moja tu: kama Mlingoti angemfukuza mlangoni, angekuwa na haki.

Aliyefungua mlango alikuwa mama mzazi wa Mlingoti. Nyuma yake kwenye ujia kulikuwa na miguu mitatu ya kile chombo cha kupimia viwanja, na viatu vya shambani vyenye tope lililokauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Karani?"

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kwa uchovu. Akamvuta pembeni. "Mwanangu, sikiliza. Humo ndani usimtaje mtoto. Kitanda chake nimempa jirani, nguo nimefungasha zote. Asione, asikumbuke. Kama una machozi, yamalizie hapa hapa."

Karani hakuwa na machozi, alikuwa na karatasi. Akaingia nayo.

Mlingoti alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, miguu imepita ukingo wa godoro kama ilivyokuwa chuoni. Simu ilikuwa kifuani pake. Pale dirishani, kwenye sakafu, palikuwa na alama nne za miguu ya kitanda kidogo.

"Umekuja na karatasi," alisema. "Nilijua. Wewe hata chumvi uliniomba kwa kikaratasi, na mimi nimelala kitanda cha pili."

Karani alijaribu kutabasamu, midomo ikamgomea. Akampa. Mlingoti akasoma, akarudia, kidole kikifuata mstari.

"Kimakosa," alisema.

"Ni lugha ya ofisi tu. Kama kuna neno hulipendi, nita..."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Karatasi ungeituma kwa simu. Umepanda mabasi mawili. Una nini cha kuniambia kwa mdomo wako?"

Karani alitazama viganja vyake. Siku zote jambo kama hili angeliandika. Safari hii hakukuwa na mahali pa kuandika.

"Moyo ulinikataza nisiandike," alisema polepole. "Nikaona ukikasirika nitakupoteza. Sasa naona nimekuumiza zaidi. Nisamehe, Mlingoti. Nisamehe sana."

Mlingoti alisogeza miguu yake mirefu, akampisha nafasi kitandani. Karani akaketi. Simu ikatetemeka kifuani pa Mlingoti, akaigeuza wote wawili waione: *Hongera mama! Mlete mrembo tumwone!* Mmoja wa darasa lao, aliye mbali, asiyejua.

"Nikuzimie hiyo simu?" Karani aliuliza.

"Acha."

Mume alichungulia mlangoni, macho yamevimba, mama mkwe wake akiwa nyuma ya bega lake. "Shemeji, saa saba na nusu. Ofisi si inasubiri hayo maneno? Mke wangu, kubali tu, waifute yaishe. Zima na simu, upumzike."

"Kweli, mwanangu," mama akaongeza. "Yakishafutwa, nawe utasahau."

Mlingoti aliikunja ile karatasi mara moja, mara mbili, mpaka ikawa ndogo kama tiketi. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka ya chini sana hata Karani akalazimika kuinama.

"Hizi hongera nazisoma zote. Mnanionea huruma, mnadhani zinanichoma. Zinanichoma, ndiyo. Lakini hao ndio peke yao wanaosema nina mtoto." Akapumua. "Karani, neno 'wazima' lifute, hilo ni la uongo. Lililobaki liache, ni la kweli. Alizaliwa. Andika alizaliwa Alhamisi alfajiri, na saa tano akafa, na mimi ni mama yake. Alikuwa na miguu mirefu. Alinishika kidole hiki hapa, akakibana. Mama, kitanda umekitoa, sikusema kitu. Nguo umefungasha, sikusema. Mume wangu, umemzika wewe, nami nimelala wodini, sikusema. Sasa nasema. Sitaki asahaulike. Leo siku ya sita, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza alifanana na nani."