Shore wa Kituo cha Tisa

Daktari Eunike alilisoma daftari la mzee Sifael mara tatu, na kila aliposoma alizidi kukosa raha. Kwa miaka minne alikuwa akichunguza jinsi joto linavyowahamisha ndege kwenda juu zaidi kwenye Mlima Kilimanjaro. Sifael, mpagazi mstaafu wa Old Moshi, ndiye aliyemhesabia ndege hao, kituo kwa kituo njiani, kila Jumanne asubuhi. Sasa shore, ndege wa kwenye migomba, alikuwa ameandikwa kituo cha tisa, ndani kabisa ya msitu, mita mia tatu juu ya pale alipozoea kukomea.

Ndiyo habari aliyokuwa akiisubiri, na hilo ndilo lililomtia shaka. Tena tangu Pasaka mwandiko ulikuwa umebadilika, msafi mno. Hakuna tone la mvua, hakuna palipofutwa. Nani anaandika hivyo kwenye ukungu, vidole vimekufa ganzi?

"Anajaza akiwa jikoni," alijiambia.

Jumanne iliyofuata alipita Kiboriloni kabla maduka hayajafunguliwa, akapanda bila kupiga simu. Alimkuta Magreth, mke wa Sifael, akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo hukutuarifu?"

"Nilikuwa napita tu. Mzee yupo?"

Magreth alivitazama viatu vyake vya msituni. "Ameshapanda."

Daftari jipya lilikuwa mezani barazani, kalamu juu yake. Eunike aliliona. Magreth naye aliona kwamba ameliona, akarudi kwa ng'ombe wake.

Eunike alipofika kituo cha tisa, Sifael alikuwa amesimama ameshika mti, macho ameyafumba. Hakuwa na darubini.

"Mzee Sifael."

"Nani huyo?" aliuliza, nao walikuwa wametengana hatua tano tu.

Eunike akaelewa. "Macho yameanza lini?"

"Kabla ya Pasaka. Njia naiona. Ndege siwaoni, nawasikia. Nikirudi namtajia Magreth, anaandika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetafuta mwingine."

Eunike alitoa darubini yake. "Nitajie sasa."

Sifael aliinamisha kichwa. "Shore wawili. Kushoto, juu."

Eunike aliinua darubini. Dakika nzima hakuona kitu, na shaka ikaanza kumrudia. Kisha tawi likatikisika: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia. Halafu wa pili.

"Wapo," alisema.

"Umekuja kunikamata."

"Nimekuja kuhakikisha. Kazi yako ipo, mzee. Ila kila ulichoandika umeona tangu Pasaka, itabidi niandike umesikia, na wenzangu niwaambie."

"Waambie. Lakini ungeniuliza kwanza."

"Nawe ungeniambia."

Walishuka, mzee ametangulia.

Jumanne zilizofuata walipanda pamoja, Eunike akitazama, mzee akisikiliza, na wakatofautiana mara moja tu. Lakini zamani Sifael alikuwa akimwita mwanangu. Sasa anamwita daktari.