Mbao Mbichi

Jumanne, tarehe 16 Novemba 1954. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umevikalia vilima vyetu vya Malvern, Uingereza, mpaka mabegani, na mvua nyembamba ilidondoka bila haraka, kama mtu anayelia huku akiendelea na kazi zake. Nilikuwa kwenye baraza ya ukumbi wa mji, nakung'uta koti, niliposikia sauti ya Bwana Pennock mdogo, mwenye kiwanda chetu cha magari, kutoka ndani. Alikuwa akimweleza mchunguzi wa vifo kwamba dereva wake, marehemu Lem Bayliss, aliondoka kiwandani bila kuufunga vizuri mlango wa gari.

Aliyasema hayo kwa upole, hata kwa huzuni. Ndiyo maana damu ilinichemka.

Lem alikuwa dereva wetu wa majaribio. Hakuna gari lililotoka Pennock kwenda kwa mnunuzi bila kupita mikononi mwake. Alikuwa akiufungua mlango na kuufunga, akiufungua tena na kuufunga, ameinamisha kichwa kusikiliza mlio wa kitasa, mpaka tukamwambia kwamba mkewe anastahili nishani kwa kuishi naye. Huyo ndiye waliyesema amesahau mlango.

Pale Pennock gari lilianza na mti. Watu wa nje waliona alumini inang'aa, wakasikia injini inanguruma, wakadhani ni chuma juu ya chuma. Kumbe chini ya lile bati kulikuwa na kiunzi cha ashi, mti wa kwetu wenye moyo mweupe, mgumu lakini unaokubali kupindwa. Maseremala walikiunga kiunzi, mafundi bati wakaigonga alumini juu yake kwa nyundo za mbao, nasi wanawake wa chumba cha viti tukakivisha ngozi. Hapakuwa na madigadi mawili yaliyofanana kabisa. Fundi aliutambua mkono wa mwenzake kwa kupapasa tu, macho yamefumbwa.

Lakini ashi haitumiki ikiwa mbichi. Hupasuliwa mbao, hupangwa uani chini ya paa, vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, kisha huachwa mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Mzee Pennock, baba yake huyu, alikuwa akinunua magogo katika uzee wake huku akijua hataishi kuyaona yakiingia kwenye gari. Alisema anawawekea mbao watu asiowajua. Mimi niliona hiyo ni aina ya sala.

Mwanawe hakurithi subira hiyo. Kiangazi cha mwaka ule maagizo yalizidi, mbao kavu zikaisha, na maonyesho ya magari ya London yalikuwa Oktoba. Akaleta ashi iliyotoka kwenye msumeno juzi tu, akaamuru ikaushwe kando ya boila, lile tanuri la mvuke la kiwanda.

Niliujua ubichi ule kwa sikio. Fundi wa viti huweka vimisumari mdomoni, akavitoa kimoja kimoja kwa ncha ya ulimi hadi kwenye nyundo yenye sumaku, akagonga. Lem alikuwa akipita mlangoni kunitania. "Dada Hester, siku ya kiyama wewe hutapigiwa parapanda. Malaika watakuja na sumaku tu." Basi ubao mkavu huijibu nyundo, hulia, na huung'ang'ania msumari kama mbwa na mfupa. Ule wa gari la maonyesho haukulia. Vimisumari viliingia kimya, kama kwenye jibini. Baada ya siku chache nikang'oa kimoja, nikakikuta kimeshika kutu.

Nilimpelekea Bwana Amphlett, msimamizi wetu, aliyekuwa pia mzee wa kanisa letu la Wamethodisti. Alikigeuza kiganjani, akapanda ofisini, akashuka amekunja uso. Jibu la Bwana Pennock lilikuwa kwamba London haingojei mti.

Gari lile likakaa siku zote za maonyesho juu ya zulia, chini ya taa zenye joto kali, na mbele yake kibao chenye maneno haya: Limejengwa kwa mkono, kwa subira. Niliona picha yake gazetini. Kwa subira, waliandika.

Mti mbichi ukipata joto hunywea, na nguzo ya mlango ikanywea. Uani, penye ardhi tambarare, mlango ulifunga na kitasa kikalia kama Lem alivyopenda. Lakini barabara inayoshuka kwenda Ledbury ina kona kali ya kushoto, na gari likikata kona kwa mwendo, kiunzi hujipinda. Kitasa kikaachia, mlango ukafunguka. Lem alikuwa analipeleka gari kwa mnunuzi wake, na barabara ikampokea yeye badala yake.

Lilipokokotwa kurudi kiwandani nilitoka kwenda kulitazama. Ngozi niliyoishona ilikuwa imelegea kama shavu la kizee. Niligusa vimisumari vyangu, vikadondoka. Kati ya nguzo na kitasa palikuwa na nafasi, nikapitisha kidole changu humo, na Bwana Amphlett alikuwa kando yangu akikitazama kidole hicho. Kesho yake kiunzi chote kilikatwakatwa kikatiwa ndani ya boila. Tuliambiwa ni kwa heshima ya marehemu, gari lililoua lisibaki machoni pa watu.

Siku hizi magari yale huuzwa kwenye minada. Mabwana wenye glavu hupapasa madigadi yake, wakasema urithi, wakasema mikono ya zamani. Mwalimu wangu wa darasa la jioni, ambako nimekwenda uzeeni kujifunza kupanga maneno, hunishauri nisiandike mpaka hasira ipoe. Nimeiombea hasira hii miaka mingi. Haijapoa, na nimeanza kudhani kwamba aliyenipa hataki niipoze.

Jumapili kabla ya siku ile ya uchunguzi, baada ya ibada, nilikuwa jikoni mwa kanisa naosha vikombe pamoja na Nesta, mjane wa Lem. Alikifuta kikombe kimoja kwa muda mrefu mno.

"Tuligombana asubuhi ile," akasema. "Alitaka shati la bluu, sijalipiga pasi. Nikamwambia ana mikono, ajipigie. Akatoka hata bila kuniaga."

Nikamwambia watu wote hugombana juu ya mashati.

"Hunielewi, Hester. Ndiyo maana alisahau mlango. Kichwa chake kilikuwa kwangu."

Nilimshika mkono kwa mkono wangu wenye povu. Nikamwambia hakusahau. Akanijibu kwamba wakubwa wa kiwanda wanajua zaidi, na akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wote wa uongo ule. Kumwibia maiti jina lake ni dhambi tosha. Lakini wao walikuwa wamechukua mzigo wa boila na mbao na maonyesho, wakampa mwanamke mmoja aubebe kwa sababu ya shati.

Bwana Amphlett alinifuata mpaka langoni. Nadhani alikuwa amesikia.

"Dada Hester, usianze."

"Nilianza Agosti, Bwana Amphlett. Wewe ndiye uliyeniletea jibu."

"Mji huu mzima unakula pale. Ikijulikana kwamba gari la Pennock linafunguka kama sanduku la mikate, nani atalinunua? Hata wewe utakula nini? Na Lem hafufuki."

"Lem hafufuki. Lakini Nesta anaamka kila asubuhi."

Akavaa kofia yake, akasema ataniombea. Nikamwambia aombe kwa sauti, na akifika kwenye habari za boila asimung'unye.

Sikuwa jasiri kama maneno yangu. Nilipiga magoti nikaomba nionyeshwe njia ya pembeni, mtu mwingine asimame, barua ifike, lolote. Sikupewa chochote. Niliinuka magoti yanauma, basi.

Kwa hiyo Jumanne ile nikaingia ukumbini na koti langu linatona maji. Bwana Pennock alikuwa amekwisha kukaa. Nyuma walisimama maseremala na mafundi bati wetu, wamevaa makoti ya Jumapili, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Mchunguzi wa vifo, mzee mwenye sauti ya chini, alikuwa akimuuliza Nesta kama mumewe alikuwa mtu wa kusahausahau.

Nesta akafumbua mdomo. Nilijua ataanza na shati.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema.

Vichwa vyote viligeuka. Mzee akaniuliza mimi ni nani.

"Hester Yarnold. Mimi ndiye niliyevisha ngozi gari lile."

Bwana Pennock akamwinamia wakili wake, akasema, sikio la kila mtu likasikia, "Huyu ni wa sindano tu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akauliza kama nina neno juu ya mlango. Nikamjibu nina neno juu ya nguzo iliyoushika, na juu ya mahali ilipo nguzo hiyo sasa. Bwana Amphlett alikuwa ameketi kwenye safu ya pili, kofia magotini, akiizungusha polepole kwa ukingo wake. Mzee wa uchunguzi akamtazama Bwana Pennock, kisha akanigeukia mimi.

"Uko tayari kuyasema hayo kwa kiapo, Bibi Yarnold?"

Karani akaniletea Biblia. Nilivua glavu, nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikageuka kidogo ili Nesta auone uso wangu.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu," nikasema, "kwamba ushahidi nitakaoutoa utakuwa kweli, kweli yote, wala si kingine ila kweli."