Mabenchi ya Kwao Mgeni

Jina la Mgeni alipewa siku aliyoingia mjini na sanduku moja la nguo na jingine la bisibisi, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Alioa humo akiwa Mgeni, akalea humo akiwa Mgeni, akazeeka, magoti yakaanza kulia kama bawaba zisizotiwa mafuta, bado ni Mgeni yuleyule. Kazi yake ilikuwa fundi wa lifti. Hakukuwa na ghorofa mjini ambalo hakuliingia tumboni, wala mkubwa ambaye hakuwahi kumchomoa kwenye lifti iliyokwama, jasho likimtiririka, tai mkononi, akiapa kwamba hakulia.

Alipostaafu, redio ya mtaa ikampa kipindi kifupi kila Jumamosi asubuhi. Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi za nyumba, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele za magari zisiingie. Mkuu wa kituo, mama mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine daima imesahauliwa kichwani, alikuwa na wazo lake: mzee asimulie alikotoka, wasikilizaji wafurahi, mwenye duka la chini auze rangi.

Jumamosi ya kwanza Mgeni akasimulia kwao. Ya pili akaja na gazeti la mji kwapani, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumpokonya. Alilisoma lile gazeti kama alivyozoea kuisikiliza lifti: milango inavyong'aa haikumhusu, alitega sikio kamba zinavyolia. Gazeti likitoa ukurasa mzima juu ya paka wa tajiri fulani aliyepotea, na mistari miwili chini kabisa juu ya maji yaliyokatika mtaa mzima, Mgeni alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, msihangaike. Paka amepatikana. Alikwenda kutafuta maji."

Maisha ya kila siku nayo hayakupona. "Watu wa mji huu," alisema siku moja, "mnaweza kupanda lifti moja miaka nenda miaka rudi bila kuambiana hata habari za asubuhi. Lakini ikwame kidogo tu, mnatoboleana mpaka siri za ndoa. Mwaona kwa nini sikuwa na haraka ya kuzitengeneza?"

Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Mwoka mikate wa pembeni ya soko alikuwa hafungui duka mpaka kipindi kiishe.

Kisha yakaja mambo ya mabenchi.

Mbele ya kliniki kuna kituo cha basi, na kituoni palikuwa na mabenchi ya kijani yenye miguu ya chuma. Wagonjwa walikaa hapo wakisubiri kliniki ifunguliwe, na walikaa hapo tena wakisubiri basi la kuwarudisha. Mke wa Mgeni alikuwa miongoni mwao, maana miguu yake ilivimba na daktari alimtaka mara kwa mara. Asubuhi moja wakakuta mashimo ya skrubu kwenye saruji na hakuna kingine. Gazeti likaandika kwamba mabenchi yalikuwa mabovu, yamepelekwa kutengenezwa. Aliyeyasema hayo kwa niaba ya manispaa alikuwa diwani wa kata, na diwani wa kata alikuwa kaka wa mke wa Mgeni, baba mmoja mama mmoja.

Mgeni akasema redioni, "Nimekaa kwenye yale mabenchi juzi. Ubovu pekee niliouona ni wa mgongo wangu."

Jumatatu yake mkuu wa kituo akamwita.

"Mzee wangu," alisema, akipanga upya kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, "wamenipigia."

"Kina nani?"

"Watu. Wanasema mtu wa kuja hawezi kutusuta nyumbani kwetu. Sasa, mimi sitaki kukukosa. Lakini kuanzia Jumamosi hii, habari za kwenu tu. Ukigusa za hapa hata kwa ncha ya kidole, nakizima kipindi. Naomba usinifikishe huko."

"Za kwetu tu."

"Za kwenu tu, mzee wangu. Mito, milima, ndege. Kuna nini kule kwenu?"

"Sijui," alisema Mgeni. "Niliondoka sina hata ndevu."

"Basi tunga!" akasema mama yule kwa huruma yote aliyokuwa nayo.

Mgeni alishuka ngazi za duka la rangi kifua kinamwaka. Kukosa kipindi angeweza kukuvumilia, angalau alijidanganya hivyo. Kilichomchoma ni ile sauti, laini kama ya kumrudisha mtoto kitandani. Amekula chumvi ya mji huu, amelipa kodi zake, amezika wakwe zake kwa mikono yake, na mdomo wake bado uko forodhani unakaguliwa.

Jioni shemeji mwenyewe akaja kuwasalimia, amevaa suti ya kikao. Alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi.

"Shemeji Mgeni! Nasikia Jumamosi unatuletea ngamia."

"Kwetu hakuna ngamia."

"Basi lete chochote mlicho nacho, hatuchagui." Akacheka, akakohoa.

Dada yake alikuwa ameinua miguu juu ya kigoda, soksi ameziteremsha mpaka kwenye vifundo. "Kaka," alisema, "kesho kutwa nakwenda kliniki. Nikae wapi? Kichwani kwako?"

"Yako matengenezoni, dada yangu. Yangekuchana nguo yale."

"Yatarudi lini?"

"Mambo ya manispaa hayaendi kama mambo ya jikoni."

"Ya jikoni yangekuwa tayari," alisema dada mtu, akammiminia chai bila kumtazama.

Mgeni hakusema kitu. Mkewe alimkazia macho, maana mumewe kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha kuliko homa. Shemeji alipoondoka, akamuuliza, "Wewe mzee, unapika nini humo kichwani?"

"Nakumbuka kwetu," alisema Mgeni.

Jumamosi ikafika. Taa nyekundu ya studio ikawaka. Mkuu wa kituo alikaa nyuma ya kioo, mkono karibu na swichi, miwani zote mbili machoni.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu," alianza Mgeni. "Nimekatazwa habari za hapa, nami ni mtu mtiifu. Leo nawapeleka kwetu. Kwetu bwana, mvua hainyeshi kutoka juu, inakuja ubavuni, kwa hiyo mtu hununua mwavuli wa kuvaa kama koti. Kuku wa kwetu wana vitambulisho, na kuku asiye na kitambulisho hatagi hadharani. Na kwetu kulikuwa na kituo cha basi, mbele ya hospitali, chenye mabenchi."

Mkono nyuma ya kioo ukasogea. Haukugusa swichi.

"Sasa kwetu kuna diwani. Mwema sana, ana kicheko kinachoanza tumboni kikamalizikia kwenye kikohozi. Siku moja akapita, akawaona wazee wamekaa. Akashtuka! Akasema, hawa leo wamekaa, kesho watalala, kesho kutwa watajenga. Akaleta watu, mabenchi yakang'olewa. Wazee wa kwetu wakajifunza kulala wamesimama kama farasi. Daktari akitoka nje anawakuta wanakoroma, anawapima hivyohivyo, anaondoka. Bibi mmoja alisimama kwa muda mrefu mpaka ndege wakajenga kiota kwenye kilemba chake, na alipoitwa kuingia ndani akakataa. Akasema, siwezi, nina watoto wa watu hapa kichwani."

Simu ya studio ikaanza kulia. Mkuu wa kituo akaipokea, akasikiliza, akashindwa kujizuia, akaiunganisha hewani. Alikuwa mwoka mikate, anacheka mpaka maneno yanakatika.

"Mgeni! Hayo mabenchi ya kwenu yalikuwa rangi gani?"

"Ya kijani, ndugu yangu. Miguu ya chuma."

"Na yalikwenda wapi?"

"Ah, nilikuwa nafika huko. Yalipelekwa nyumbani kwa diwani, uani. Wanayakalia mbuzi wake. Mbuzi wa diwani wa kwetu ukiwakuta wamekunja nne, wanafunuliana gazeti, mmoja anamwambia mwenzake, sogea kidogo, unaniziba jua."

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kinyozi, na kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe shingoni, povu la sabuni shavu moja, alikuwa amekaa diwani wa kata. Redio ya kinyozi ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Wateja wengine kwanza walitazama sakafu, kisha wakatazamana, kisha mmoja akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, una mbuzi wangapi?"

Diwani hakungoja kufutwa povu. Alivuka barabara na shuka lake likipepea, akapanda ngazi za duka la rangi, akausukuma mlango wa studio mpaka trei moja ya mayai ikadondoka ukutani.

"Uongo!" alinguruma. "Uongo mtupu! Hakuna benchi hata moja nyumbani kwangu! Yako stoo ya manispaa, nyuma ya karakana, mazima kama yalivyotoka kiwandani, hata skrubu haijalegea! Nimeyafunika turubai kwa mkono wangu mwenyewe!"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Diwani akaiona. Povu likamdondoka kidevuni, likatua juu ya kiatu.

"Shemeji, karibu," alisema Mgeni. "Mimi nilikuwa nasimulia kwetu. Wewe unasimulia wapi?"

"Diwani," ikasema sauti ya mwoka mikate kutoka kwenye simu, "mazima? Si mlituambia mabovu?"

"Watu walikuwa wanakaa!" akafoka diwani, kwa uchungu wa mtu asiyeeleweka. "Kutwa nzima! Mabasi yanapita, hawapandi, wanakaa tu, wanapiga soga, wageni wa manispaa wakija wanaona kundi la watu wamekaa!"

"Benchi, shemeji, ndiyo kazi yake."

"Wewe nyamaza! Wewe ni mgeni hapa, huna haki ya kutuambia kitu!"

Hapo Mgeni akainuka. Magoti yalilia, na kipaza sauti kikayachukua yakaenda hewani pia.

"Shemeji, siku ile lifti ya jengo la manispaa ilipokwama na wewe ndani, gizani, nilishuka kwa kamba. Unakumbuka ulivyoniita? Ulinikumbatia shingo ukaniita ndugu yangu wa damu. Nikakuvuta mpaka juu. Mlango ulipofunguka, ukatazama watu waliosimama pale, ukaniambia, asante, Mgeni." Akapumua. "Nimeubeba ugeni huo muda mrefu. Leo nautua hapa mezani, anayeutaka achukue. Nimevimba na miguu ya dada yako. Nikisema mabenchi, nasema mabenchi yetu."

Diwani alifungua mdomo, kikatoka kikohozi peke yake, bila kicheko cha kukitangulia. Akajikuta amelishika lile shuka la kinyozi kifuani kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni sebuleni. Akageuka, akashuka.

Wimbo ukawekwa, taa ikazimika, mkuu wa kituo akaja mbio, mashavu yamemwiva.

"Mzee wangu! Simu hazishikiki! Jumamosi ijayo tunaendelea hivihivi. Wewe sema ni kwenu, watu watajua wenyewe. Hakuna atakayetugusa. Mbuzi wasikose!"

Ilikuwa njia rahisi, na Mgeni aliipenda kwa kitambo kidogo. Angeweza kuishi humo mpaka kufa, akiusema mji kupitia dirishani, anachekwa, anapendwa, haingii ndani.

"Hapana," alisema. "Mbuzi wamekwisha. Jumamosi ijayo naleta gazeti, nausema mji huu kwa jina lake, na diwani kwa jina lake. Hutaki, kiti hiki mpe shemeji. Umesikia mwenyewe, akikasirika anasema kweli tupu."

"Na wakinipigia?"

"Waambie waje. Ngazi zipo, lifti hatuna."

Mama yule alivua miwani moja, akatafuta pa kuiweka, akairudisha kichwani. Aliitazama trei ya mayai sakafuni. "Uje mapema, basi," alisema mwishowe. "Uje na gundi."

Mabenchi yalirudi katikati ya wiki, yamelala juu ya gari la manispaa, turubai bado limenasa kwenye mguu wa mojawapo. Hakuna aliyetoa tangazo. Mgeni alikwenda na spana yake, akapita akizikaza upya nati ambazo vijana wa manispaa walikuwa wamezikaza, wao wakimtazama kwa hasira naye akipiga mluzi.

Mkewe alipokwenda tena kliniki, alikaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akashusha pumzi ambayo ilisikika mpaka dirisha la dawa. Mumewe akakaa ubavuni kwake na gazeti. Baadaye kidogo kivuli kikasimama mbele yao, kimevaa suti.

"Sogea, Mgeni," alisema shemeji, bila kumtazama. "Nina miadi. Shinikizo la damu limepanda."

"Sijui kwa nini," alisema dada yake.

Mgeni akasogea. Wakakaa watatu, kila mmoja anatazama upande wake. Upande wa pili wa benchi alikuwepo binti mmoja, muuguzi mpya wa kliniki, anasubiri zamu yake ianze. Alikuwa amemsikia mzee akimsomea mkewe habari kwa sauti, na akimkosoa mwandishi kila baada ya sentensi, akatabasamu.

"Baba, shikamoo. Nasikia unavyotamka. Kwenu hasa ni wapi?"

Shemeji akageuza kichwa kusikia jibu. Mgeni akakunja gazeti taratibu, akamtazama yule binti, kisha akatazama mbao za kijani alizokalia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umepakalia."