Maji ya Kugonga

Jengo lilikuwa na ghorofa tano na lifti moja iliyokufa kitambo. Lilisimama katikati ya mji. Chini kabisa kulikuwa na duka la viatu lenye spika mlangoni, na pembeni yake kibanda cha fundi makufuli, ambaye watu walimwita Bwana Kitasa. Juu ya hapo zilikuwa fleti za watu, kila fleti na mwenyewe, na kila mwenyewe na malalamiko yake. Lalamiko moja tu ndilo lililowaunganisha wote: maji.

Pampu ilikuwa imechoka. Wa chini wakifungua koki zao, wa juu waliambulia upepo unaopiga mluzi. Ndipo watu wa jengo lile walipojiwekea utaratibu wao. Kulikuwa na bomba kubwa la chuma lililopanda kutoka chini hadi juu, likipita ndani ya bafu la kila fleti. Aliyekosa maji alichukua kijiko akagonga bomba. Kila aliyesikia alifunga koki yake, bila kuuliza nani anagonga wala anataka kufanya nini. Kama una sabuni machoni, unasubiri na sabuni yako. Mgongaji akimaliza, anagonga mara moja tu, na maisha yanaendelea.

Mama Kimya alikaa ghorofa ya tano, na tangu ahamie hakuwahi kugonga.

Jina hilo alipewa na jengo. Hakuwa na ugomvi na mtu, sauti yake tu ndiyo ilikuwa ndogo. Akikutana na mtu kwenye ngazi, alianza kuitengeneza salamu moyoni, na ilipokuwa tayari, yule mtu alikuwa ameshapita. Watu wakasema anaringa. Jirani wa chini yake, Mama Pacha, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kujitosheleza, ndiye aliyelisema wazi.

"Anajiona yuko juu," alisema siku moja pale kibandani kwa Bwana Kitasa. "Na kweli yuko juu. Juu yangu! Ndiyo maana ananidondoshea maji."

Hapo hakusingizia. Sakafu ya bafu la Mama Kimya ilikuwa na ufa pale bomba lilipopita, na maji yakituama hata kidogo tu, yalitiririka kwenye dari la Mama Pacha. Mama Pacha alishapanda kugomba kwa ajili hiyo, akagomba mpaka akaishiwa pumzi, na Mama Kimya alichoweza kujibu kilikuwa "samahani" ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri. Tangu siku hiyo kila akioga alikausha sakafu kwa tambara, amepiga magoti.

"Kuhusu maji, wewe gonga tu," mumewe alimwambia mara nyingi. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, kazi iliyompa utani usiokwisha. Kila jirani aliyekutana naye akihema kwenye ngazi alimuuliza, "Shemeji, unatengeneza za wenzako, yetu je?" naye alijibu, "Yenu haitaki fundi, inataka mazishi."

"Nitawasimamishaje watu wazima na sabuni zao kwa sababu ya ndoo yangu?" Mama Kimya alimjibu.

"Ndiyo salamu ya hapa, mke wangu. Usipogonga wanadhani huwahitaji."

Yeye aliona bora aamke alfajiri, maji yakiwa bado yanapanda yenyewe, ajaze ndoo zake kimyakimya.

Asubuhi moja mumewe alishaondoka kazini. Mama Kimya alikuwa ameinjika sufuria ya maharage juu ya jiko la gesi, lile la mtungi mdogo unaokaa chini sakafuni. Binti yao, Kidoti, alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni. Kidoti alikuwa ameanza kutambaa wiki ile ile, na alitambaa kama mtu anayedaiwa huko anakokwenda. Mama yake akamtazama, akaona amezama usingizini, akaingia bafuni kufua nepi mbili tatu. Aliuacha mlango wazi ili amsikie.

Upepo ukaingia kutoka barazani, ukaupiga mlango ule: pwaa!

Hakushtuka sana. Aliinuka na povu lake mikononi, akashika mkono wa kitasa, akauzungusha. Ukazunguka bure. Akauvuta. Ukachomoka, ukabaki kiganjani mwake kama jino, na upande wa pili wa mlango akasikia kipande kingine kikianguka sakafuni.

Akasimama anautazama ule mkono wa chuma. Kisha akasikia Kidoti ameamka.

Hakulia, na hiyo ndiyo iliyomtisha. Mtoto anayelia yuko mahali pake. Kidoti alikuwa anaguna kwa furaha, na viganja vyake vilikuwa vinapiga vigae: pa, pa, pa. Jikoni hakukuwa na mlango wa kumzuia, na sufuria ilikuwa inachemka kimo cha mtoto.

"Kidoti! Njoo kwa mama! Njoo huku!"

Viganja vikatulia kidogo, vikaendelea.

Aliupiga mlango bega. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, ukamrudisha. Simu yake ilikuwa sebuleni inachajiwa. Akapanda juu ya ndoo, akaweka mdomo kwenye kidirisha kilichotazama uwazi wa katikati ya jengo, akaita, "Jamani! Nisaidieni!" Chini, spika ya duka la viatu ilikuwa inatangaza viatu vya shule, vya kazi, vya harusi, na sauti yake ikafunikwa palepale. Akaita tena. Mtu fulani, pengine akidhani kuna ugomvi wa mke na mume, akaongeza sauti ya redio.

Ndipo alipolitazama bomba.

Akagonga. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie akagonga, kwa ule mkono wa kitasa, akagonga kwa nguvu zake zote: ko, ko, ko, ko!

Jengo likamsikia. Alijua kwamba limemsikia, kwa sababu koki ya bafu, iliyokuwa inatoa uzi mwembamba ndani ya beseni, ilikohoa, ikatema, ikaanza kumwaga maji mazito. Chini yake koki moja ilifungwa, kisha nyingine, kisha nyingine. Watu wote wale walikuwa wanampa maji.

"Siombi maji!" akapiga kelele, machozi yakimtoka. Akagonga tena.

Sauti ya mwanamume ikapanda kwenye ule uwazi. "Tumeshafunga, mama! Oga!"

Akagonga tena, bila kupumzika.

"Jamani, kwani huko juu unaogesha tembo?" Sauti ile iliudhika, lakini maji hayakupungua. Hakuna aliyefungua koki yake.

Pa, pa, pa, vilisema viganja vya Kidoti, sasa mbali zaidi, upande wa jikoni.

Mama Kimya akatazama maji yanavyomwagika. Akatazama ufa pale kwenye bomba. Akaacha kugonga. Akachukua nepi zake, akazisokomeza kwenye tundu la kutolea maji mpaka likaziba kabisa. Beseni akalipindua. Maji ya watu wote wale yakatapakaa sakafuni, yakamfunika vidole vya miguu, na pale kwenye ufa yakaanza kuzunguka na kuzama. Kwa muda mrefu alikuwa amepiga magoti kuyakausha yasimfikie Mama Pacha. Leo alisimama akiyaombea yafike.

Yalifika. Kwanza akasikia ukelele kutoka chini. Kisha mlango ukabamizwa. Kisha kandambili zikaanza kupanda ngazi kwa hasira, na muda si muda mlango wa fleti yake ukawa unapigwa kwa viganja viwili.

"Fungua! Leo utanijua! Mvua inanyesha ndani ya nyumba yangu! Nimepaka dari rangi juzi, juzi tu! Fungua, au umekufa humo?"

Mlango wa kuingilia ulikuwa karibu na wa bafu, kati yao pana hatua chache. Mama Kimya akaweka mdomo kwenye tundu lililoachwa na kitasa. Sauti iliyomtoka hakuijua. Ilikuwa kubwa, imepasuka katikati.

"Dada! Nimefungiwa bafuni! Mtoto yuko peke yake na jiko linawaka!"

Kule nje ugomvi ukakatika kama umekatwa kwa kisu.

"Yuko wapi mtoto?"

"Jikoni! Anatambaa!"

Mama Pacha hakuuliza swali lingine. Akageukia ngazi, akaita, na mara ile sauti yake, iliyosemwa vibaya jengo zima, ikashuka ghorofa zote nne na kuipita spika ya viatu: "KITASA! BWANA KITASA! Panda na vyuma vyako, kuna mtoto na moto huku!"

Kisha pakawa na kishindo kidogo, kama gunia limelazwa. Mama Kimya hakuelewa ni nini mpaka aliposikia ile sauti ikitokea chini kabisa, usawa wa sakafu. Mama Pacha alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido, ameweka mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango.

"Nani huyo? Nani huyo namwona?" Sauti ilikuwa laini, ya kubembeleza, kama si ya mtu yule yule. "Mtoto mzuri huyo! Ona vidole vya shangazi. Hivi hapa! Vimepotea! Hivi hapa tena!"

Mama Kimya alibandika sikio kwenye tundu la kitasa.

Viganja vilitulia. Kidoti akacheka. Kisha, pa, pa, pa, vikaanza kurudi, vikapita mbele ya mlango wa bafu, karibu kabisa, vikaelekea kwenye vile vidole.

"Amekuja," Mama Pacha akasema, bila kubadili sauti ile ya kubembeleza. "Ameking'ang'ania kidole changu. Usiogope, mama yake. Anakitafuna. Ana meno, kumbe! Haya, kitafune, mwanangu, kitafune tu, ninavyo vingine tisa."

Bwana Kitasa alifika anahema kama baiskeli iliyopasuka mpira. Akaanza kuchokoa mlango, anatokwa na jasho, anatukana kwa chini chini.

"Nani fundi aliyefunga kitasa kigumu namna hii?"

"Wewe!" Mama Pacha akamjibu kutoka sakafuni.

"Basi alikuwa fundi mzuri."

Mlango ukafunguka. Mama Kimya alisikia kandambili zikikimbilia jikoni, kidude cha jiko kikizimwa, sufuria ikisogezwa. Harufu ya maharage yaliyoanza kuungua ilikuwa imejaa. Baada ya Bwana Kitasa kupambana kidogo na mlango wa bafu, nao ukaachia, na Mama Kimya akatoka, amelowa mpaka magotini, ule mkono wa kitasa bado ameukamata. Mama Pacha alikuwa amesimama na Kidoti begani, gauni lake lina vumbi la korido zima. Akampa mtoto. Mama Kimya akamshika mwanawe, akamnusa kichwa, akamkagua kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo alipoona watu. Walikuwa wamepanda nyuma ya Bwana Kitasa, wamejaa ngazini. Mzee wa ghorofa ya pili alikuwa na mswaki mdomoni. Msichana wa ghorofa ya kwanza alikuwa amebeba sahani zenye povu, pengine bila kujua kwamba amezibeba. Na yule wa ghorofa ya tatu, dereva wa malori, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa amejifunga taulo, kichwa kizima cheupe kwa sabuni, jicho moja amelifumba kwa uchungu.

"Samahani," dereva akauliza kwa adabu, "sasa tunaweza kufungua?"

Watu wakacheka, naye Bwana Kitasa akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Mama Kimya alitaka kucheka akashindwa. Alikuwa analitazama lile povu. Wakati wote ule, huku anamkasirikia, huku anamwuliza habari za tembo, mtu huyu alikuwa amesimama na sabuni machoni na hakufungua koki. Hakuna hata mmoja aliyefungua. Wasingeyaacha maji yapande, yasingeshuka kwa Mama Pacha.

Alikuwa na salamu nyingi za watu hawa alizowahi kuzitengeneza na kuzichelewesha. Safari hii hakungoja iwe tayari.

"Asanteni," akasema. Kisha, kwa kuwa wa nyuma walinyoosha shingo, akaongeza sauti: "Asanteni kwa maji. Mwanangu ni mzima. Nendeni mkafungue."

"Amesema!" Mzee wa mswaki akamwambia msichana wa sahani. "Kumbe anasema."

Wakashuka. Mama Pacha alibaki, akachungulia bafuni, akaziona nepi zilizosokomezwa tunduni. Akamgeukia mwenzake polepole.

"Ina maana ulinifurikisha kwa makusudi?"

Mama Kimya akainamisha kichwa. "Nilijua wewe utapanda, dada. Wengine sikuwa na hakika nao. Wewe nilikuwa na hakika."

Mama Pacha akaingia, akaifunga koki, akazichomoa nepi tunduni. "Twende," alisema. "Ukanisaidie kupiga deki. Na hayo maharage yabebe, juu hayajaungua."

Jioni fundi wa lifti alirudi, akapanda ngazi zake huku anahema, akajibu utani wake wa kila siku, akakuta fleti yake imefungwa na kimya. Akaita, hakuna. Akashuka ghorofa moja. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa wazi. Pacha wake wawili walikuwa sakafuni, wanamfundisha Kidoti kupiga makofi. Ndani, mwanamke mmoja alikuwa anasimulia kitu kwa mikono miwili, anaigiza mlango, anaigiza maji, anamkatiza mwenye nyumba: "Hapana, dada, siyo hivyo, ngoja mimi niseme!" Ilimchukua muda kumtambua.

Akasimama mlangoni na mkoba wake wa spana. "Kuna nini hapa?"

Mama Pacha akamnyooshea kidole cha kumnyamazisha, kidole chenye alama ndogo za meno.

"Shemeji, karibu, kaa. Ila usimkatize. Mkeo anaongea."