Saa Mia Tatu za Tryphosa

Saa nane kasoro kumi mchana, Tryphosa alifunga aproni yake ya plastiki, akabeba kikapu chake, kisha akabeba na cha mwanawe, Ratemo. Mwalimu wa uhasibu kule Kisii mjini alikuwa amesema hatua moja ya mtihani wa CPA inataka saa mia tatu za kusoma. Tryphosa, aliyeachia shule darasa la nne, alimwambia mwanawe arudie hesabu hiyo mara mbili. Kisha akampa: saa tatu kila mchana, yeye achume mistari yake ya chai na ya kijana. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, lakini hilo halikuingizwa kwenye mazungumzo.

"Soma, baba," alisema. "Mimi kazi yangu ni mikono tu."

Vikapu vilipozama kati ya michai, Ratemo alifunga kitabu katika ukurasa wa kumi na moja, akashuka mjini Keroka kucheza drafti. Alirudi kabla ya saa kumi na moja, akakifungua palepale.

Jioni hiyo hodi ilibishwa. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye sura ya Tryphosa, aproni imelowa, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Mimi ni saa ya leo, ile ya nane mpaka tisa," alisema. "Hukunitumia."

Ratemo akamsogezea stuli. Nyuma ya mwanamke huyo walikuwa wengine wawili kama yeye. Wakaketi, kila mmoja akisugua goti la kulia.

Tryphosa aliporudi kutoka kituo cha kupimia majani chai, aliwasalimu mmoja mmoja kwa mkono. Akakitazama kitabu. Hakumtazama mwanawe. Akateleka chai.

Saa hizo zikawa zinakuja tatu kila siku, wala haziondoki. Jumamosi hazikuja; Tryphosa ni Msabato, na saa zake vilevile. Jirani yake, Kemuma, akaleta mabenchi.

"Mama Ratemo, leo wageni ni wangapi?"

"Mia moja arobaini na moja."

"Na wote ni wewe?"

"Wote ni mimi."

"Basi hata kuwasengenya siwezi," alisema Kemuma, akaenda kutafuta vikombe.

Ratemo aliyasikia hayo akiwa mezani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Siku hiyo alisoma mistari minne, kisha wenzake wa drafti wakapiga simu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, saa zilikuwa mia tatu kamili, zimebanana mpaka jikoni. Ratemo alikuwa ameanguka.

"Maswali yalitoka mahali hatukufundishwa," alisema.

Saa zote mia tatu zikatazama sakafu. 

"Sasa itataka masaa mangapi tena?" aliuliza Tryphosa.

Ratemo alikusudia kusema hakuna. Kinywa kikasema, "Mia tatu."

Tryphosa aliitikia kwa kichwa, akafunga aproni, akabeba vikapu viwili, akatoka akichechemea.

Saa iliyokaa karibu na meza ilimfungulia kitabu, ukurasa wa kumi na moja, ikaupangusa vumbi kwa ncha ya leso. Ratemo aliutazama kitambo. Simu ikalia mfukoni. Akainuka, akaomba njia.

Saa zikakunja magoti yao mabovu, taratibu, moja baada ya nyingine mpaka mlangoni, ili apite.