Damu Katika Mguu wa Sadala

Shuu! Shuu! Shuu!

Sadala alikuwa amefumba macho, hataki kuona. Lakini masikio hayafumbiki. Sauti ikapiga tena, shuu, kama panga likipita kwenye jani la mkonge, naye akafumbua macho na kuutazama mguu wake wa kushoto kama mgeni aliyedhaniwa amekufa.

"Ndiyo damu hiyo, daktari?"

"Ndiyo yenyewe!" Daktari Lea alikishikilia kifaa chake kidogo cha kusikilizia damu kwenye kifundo cha mguu. "Mara iliyopita tulisikia mkwaruzo mtupu. Leo inapita!"

Mara iliyopita, kwenye kliniki hiihii ya Korogwe, lilitajwa neno kukata mguu. Sadala, mkata mkonge wa Ngombezi asiyetanguliwa na mtu shambani, akatwe yeye! Alirudi nyumbani akiwaka. Akameza vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, akatupa sigara, akatembea kati ya mistari ya mkonge mpaka shavu la mguu likauma, akapumzika, akatembea tena.

"Ndani ya mshipa kuna utando laini," Lea alisema. "Ni kama sakafu ya mfereji wa kiwandani kwenu. Ikichubuka, takataka zinang'ang'ania. Wako umeanza kupona. Ila moyo unakwenda mbio. Unavuta?"

"Haki ya Mungu, sigara sijagusa!"

Munira, mkewe aliyeketi kando, akaguna. "Mwonyeshe na kilichoko chini ya mdomo, bingwa."

Sadala akalisogeza donge kwa ulimi. "Huu ugoro tu. Hauna moshi."

"Ni tumbaku ileile, kaka! Inaingia kwenye damu na kuuchubua utando huohuo. Ukiendelea, tutarudi kwenye kukata."

"Asubuhi anaujenga mguu kwa kutembea," Munira akadakia, "jioni anaubomoa kwa mdomo!"

Aibu ikamshika Sadala, kisha hasira, halafu akaangua kicheko. Akatema donge kwenye ndoo ya taka, akachomoa kikopo mfukoni na kumkabidhi mkewe.

"Daktari, kiweke tena hicho kifaa."

Shuu! Shuu!

"Munira mke wangu," alisema, sauti ikavuka hadi kwenye foleni ya nje, "ugoro hauingii tena mdomoni mwangu. Na mahindi yakishavunwa nakupeleka Handeni kwa mama yako. Kutoka stendi hadi mlangoni kwake natembea kwa mguu huu. Ukiuma nitapumzika, kisha nitatembea tena, mpaka nimwamkie nikiwa nimesimama!"